Nepi za Kitambaa kwa Mtoto Anayetambaa: Tuchague Zipi na Tuzitunzeje?



Mtoto anapofikisha miezi saba au minane, akina mama wengi hutujia kliniki na lalamiko moja. "Nesi, zile nepi nilizomshonea akiwa mchanga sasa hazifai kitu. Akikojoa mara moja ameloa mpaka kifuani." Wengine huona dawa yake ni kuziweka nepi za kitambaa kando na kununua nepi za kutupa, zile ambazo siku hizi karibu kila mtu huziita pampasi. Wengine huacha kumvika mtoto kitu chochote, naye hutambaa sakafuni akichafua mahali wenzake wanapokalia na kulia chakula.

Mwezi huu tumeona ni vema tulitazame jambo hili kwa utaratibu: nepi ya kitambaa inayomfaa mtoto mkubwa kidogo, wa miezi sita hadi miaka miwili. Tutaeleza kitambaa kipi kinafaa, kikatwe vipi, zitoshe ngapi, zifuliwe namna gani, na ni hatari zipi za kuepuka. Akina baba wasidhani somo hili si lao. Nepi huhitaji maji na sabuni, na katika nyumba nyingi fedha ya vitu hivyo hupita mkononi mwa baba.

Somo tulilofundishwa na mama mmoja

Kwanza tueleze jambo lililotupata sisi wauguzi wenyewe. Siku moja ya kupima uzito alikuja mama mmoja na mtoto wake wa kiume wa miezi kumi. Tulipomvua mtoto ili tumtundike kwenye mizani, tuliona makalio na mapaja yamechubuka na kuwa mekundu. Alikuwa amevaa nepi ya kutupa iliyojaa mkojo, nzito kama mfuko wa mchanga, na kingo zake zimeanza kuchanika. Mmoja wetu akamkemea mbele ya wenzake: "Mama, wewe huyu mtoto humbadilishi?" Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Yule mama hakujibu. Akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kadi yake, akaondoka. Mwezi uliofuata hakuja, wala uliofuata huo.

Aliporudi aliletwa na mama mkwe wake. Mtoto alikuwa anaharisha, macho yameingia ndani, uzito umeshuka, na vidonda vimeenea mpaka kwenye mikunjo ya mapaja. Tulimlaza siku tano. Katika siku hizo ndipo tulipomwuliza mama yale ambayo ilitupasa kumwuliza siku ya kwanza.

"Nesi," alisema, "mimi nauza vitumbua stendi tangu alfajiri. Mtoto namwachia binti wa dada yangu. Maji tunanunua kwa ndoo. Nepi zake za uchanga zimekuwa ndogo, kwa hiyo nanunua pampasi mbili kwa siku, moja ya mchana na moja ya usiku. Ikijaa sana, binti huianika juani, ikikauka anamvika tena. Na ili nipate hizo mbili, yai la mtoto nimeliacha."

Basi huyu hakuwa mama mvivu. Alikuwa akitoa fedha ambayo ingemlisha mtoto, akanunua kitu ambacho kwa namna alivyokitumia kilimchubua mtoto. Sisi ambao kazi yetu ni kuonyesha njia, tulimfanya aione haya kurudi kliniki. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile tumejiwekea kanuni: kwanza tunauliza, ndipo tunafundisha. Na haya tunayoyaandika leo ni yale tuliyokaa na mama yule tukayapanga pamoja kando ya kitanda cha mtoto wake.

Kwa nini mtoto mkubwa anahitaji nepi tofauti?

Mtoto mchanga hukojoa kidogo kidogo, mara nyingi. Kadiri anavyokua, kibofu chake hushika mkojo mwingi zaidi, kisha huutoa wote kwa mara moja. Kitambaa chepesi kilichotosha zamani sasa hulemewa.

Pili, ameanza kula. Maziwa ya mama yanaendelea, lakini sasa kuna uji, ndizi, maharage na mboga. Kinyesi chake kinabadilika: kinakuwa kizito, chenye harufu kali na chenye kuikera ngozi zaidi.

Tatu, mtoto hatulii. Anatambaa, anajivuta kwa makalio, anasimama akishika kiti. Nepi iliyofungwa kwa fundo moja humshuka mpaka magotini, na kingo ngumu humsugua mapajani. Ndiyo maana upele wa nepi huwapata watoto wa umri huu kwa wingi, hasa kati ya miezi tisa na kumi na miwili.

Ni kitu gani hasa kinachochubua ngozi?

Watu wengine husema nepi za kitambaa ndizo huleta upele. Wengine husema hapana, ni pampasi. Ukweli ni kwamba kinachoumiza zaidi ni muda ambao mkojo na kinyesi vinakaa juu ya ngozi. Nepi ya kutupa ya kisasa hunyonya vizuri, na ikibadilishwa kwa wakati haina ubaya kwa ngozi. Nepi ya kitambaa nayo, ikibadilishwa mara inapoloa na ikasuuzwa vizuri, haina ubaya. Ila yoyote kati ya hizo ikiachwa kutwa nzima italeta vidonda.

Mambo huwa hivi. Ngozi iliyolowa muda mrefu hulainika kama vidole vya mtu aliyefua nguo siku nzima, kisha huchubuka kirahisi. Vijidudu vilivyomo katika kinyesi huuvunja mkojo na kutoa amonia, ile gesi yenye harufu ya kuchoma pua tunayoisikia tunapofungua nepi ya asubuhi. Hali hiyo huvipa nguvu vimeng'enya vilivyomo katika kinyesi, navyo huanza kuila ngozi ya juu. Ngozi ikishafunguka, fangasi huingia. Hapo utaona wekundu mkali mpaka ndani ya mikunjo, pamoja na vipele vidogo vilivyotawanyika pembeni.

Kwa hiyo tunapochagua nepi, tutafute kitu ambacho tutaweza kukibadilisha mara kwa mara bila kufilisika.

Kuchagua kitambaa

Kitambaa kizuri cha nepi kiwe cha pamba, kiwe laini, kinyonye maji upesi na kikauke upesi. Hakuna kitambaa kimoja chenye sifa hizo zote kwa ukamilifu, kwa hiyo yafaa kuchanganya.

Flaneli ni laini na inanyonya vizuri. Inafaa kugusa ngozi ya mtoto.

Taulo la pamba hunyonya kuliko vyote, nalo ni zuri kwa usiku. Ubaya wake ni kuchelewa kukauka, na likikauka bila kufikichwa huwa gumu.

Bafta, shuka la zamani la pamba na khanga iliyochakaa ni vyepesi, hukauka upesi hata wakati wa mvua. Ila kimoja peke yake hakitoshi kwa mtoto mkubwa, ni lazima kikunjwe mara kadhaa.

Fulana za mtumba za pamba hazipaswi kudharauliwa. Zikikatwa na kukunjwa zinakuwa vitambaa vya ndani vizuri sana.

Hapa tahadhari moja: nguo nyingi sokoni, hata baadhi ya khanga, vitenge na mashuka, zimechanganywa na nyuzi za plastiki. Hizo hazinyonyi, mkojo hupita tu na kumlowesha mtoto. Kuna njia mbili za kupima. Ya kwanza, dondoshea maji kijiko kimoja juu ya kitambaa. Yakizama mara moja, kitambaa hicho kinafaa. Yakisimama na kutelemka, kiache. Ya pili, chomoa uzi mmoja uuwashe kwa kibiriti, mbali na mtoto. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu mepesi. Uzi wa plastiki huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Kumbuka kwamba kitambaa kipya huwa na dawa ya kiwandani inayokifanya king'ae na kuzuia maji. Kifue mara tatu au nne kabla ya kukitumia, ndipo utajua uwezo wake. Shuka lililofuliwa kwa miaka limekwisha kumaliza kazi hiyo, ndiyo sababu nguo za zamani mara nyingi hushinda mpya.

Siku hizi zipo pia nepi za kitambaa zilizoshonwa tayari, zenye vifungo vya kubana na mfuko wa kuingiza kitambaa cha kunyonya. Nje zina kitambaa kilichopakwa ngozi nyembamba ya plastiki. Ni nzuri, na nyingi zinaweza kupunguzwa au kuongezwa ukubwa mtoto anapokua. Ukinunua hizo, usizichemshe wala kuzipiga pasi ya moto kwa nje, kwa maana ile ngozi ya plastiki itabanduka na zitavuja. Kitambaa cha kunyonya kilichotengenezwa kwa nyuzi nyororo zisizo za pamba kikae ndani ya mfuko wake, kisiguse ngozi ya mtoto, kwani huikausha mno.

Ukubwa, kukunja na kufunga

Kwa mtoto anayetambaa, kata mraba wa sentimita 60 kwa 60. Kwa mtoto mnene au aliyezidi mwaka mmoja, sentimita 70 ni bora. Kama kitambaa ni chepesi, weka tabaka mbili ukazishone kingo.

Kisha tengeneza vitambaa vya ndani. Upana uwe kama sentimita 15, urefu kama sentimita 40, tabaka nne hadi sita za fulana au shuka. Usizishone pande zote. Shona upande mmoja tu, ili ukizianika zifunguke kama kurasa za kitabu, na jua lipite katikati. Kitambaa kilichoshonwa pande zote hukauka nje na kubaki na unyevu ndani, kikaanza kunuka.

Kukunja ni hivi. Kunja mraba upate pembetatu. Weka upande mrefu kiunoni mgongoni. Laza kitambaa cha ndani katikati. Mtoto wa kiume uongezee mkunjo mbele, wa kike uongezee katikati. Pitisha ncha ya pembetatu kati ya miguu mpaka tumboni, kisha leta zile pembe mbili za pembeni juu yake na ufunge. Vidole viwili viweze kupita kati ya nepi na tumbo. Ukiona alama nyekundu mapajani baada ya kuvua, umebana mno.

Usiogope nepi inayotanua miguu ya mtoto kidogo. Nyonga za mtoto hukua vizuri miguu ikiwa imetanuka na magoti yamekunjwa, kama anavyokaa akibebwa mgongoni kwa mbeleko. Kinachodhuru ni kuifunga miguu imenyooka na kubanwa pamoja.

Kuhusu pini, kwa mtoto wa umri huu tunashauri ziachwe, labda kama ni zile kubwa zenye kichwa kinachofunga ncha. Mtoto anayejivuta sakafuni hufungua pini, na kila anachokipata hukipeleka mdomoni. Afadhali kamba mbili za kitambaa zilizoshonewa kwenye pembe, au fungio la kunasa lililotolewa kwenye nguo ya mtumba. Vifungo vya kawaida vya shati navyo vichunguzwe kila unapofua. Kikilegea, kikaze au kikate, kwani kinaweza kumpalia mtoto.

Chupi ya plastiki ya kuvika juu ya nepi ivaliwe pale inapohitajika tu, kama safarini au kanisani. Hushika joto na unyevu, na mtoto mwenye upele asivikwe kabisa. Wenzetu wa nyanda za baridi wanaweza kushona chupi ya juu kutoka kwenye sweta la mtumba la sufu halisi. Sufu hushika unyevu na bado hupitisha hewa.

Zitoshe ngapi? Tupige hesabu

Mtoto wa umri huu hutumia nepi sita au saba kwa siku, usiku ukiwamo. Ukifua kila siku, miraba 12 na vitambaa vya ndani 15 vinatosha. Wakati wa masika, ongeza miraba sita.

Shuka moja lenye upana wa sentimita 180 na urefu wa sentimita 240 hutoa vipande 12 vya sentimita 60. Ukivishona viwili viwili unapata nepi sita. Mashuka mawili ya zamani, basi, ni nepi 12. Fulana tano au sita zilizochakaa zitatoa vitambaa vya ndani.

Sasa linganisha. Anayetumia nepi za kutupa kama ipasavyo, nne kwa siku, atahitaji 120 kwa mwezi wa siku 30. Tangu miezi sita mpaka miaka miwili ni miezi 18, nazo ni nepi 2,160. Chukua bei ya nepi moja katika duka la mtaani kwenu, zidisha mwenyewe. Kisha weka upande wa pili gharama ya mashuka, ya fundi, ya sabuni na ya maji ya kufulia. Usiyasahau maji, hasa wewe unayenunua kwa ndoo. Katika nyumba nyingi utaona kitambaa kinashinda, na tofauti yake ni mayai, dagaa na karanga za mtoto.

Hatusemi nepi ya kutupa ni dhambi. Safarini, hospitalini, au siku ambayo maji yamekatika, inasaidia. Lakini ikitumika, itumike mara moja tu. Ukiianika na kuivika tena unamrudishia mtoto mkojo wa jana pamoja na vijidudu vyake. Na usiitupe chooni, kwani haiozi upesi na itakijaza choo. Kinyesi kimwagwe chooni, nepi ikunjwe na kuwekwa kwenye taka mahali ambapo mbwa na watoto hawafiki.

Kufua nepi hatua kwa hatua

Kuna imani ya zamani kwamba kinyesi cha mtoto si uchafu. Imani hii imewaletea wengi kuharisha. Kinyesi cha mtoto kina vijidudu vya magonjwa kama cha mtu mzima, tena watoto ndio wanaougua kuharisha mara nyingi zaidi. Basi tufuate hatua hizi:

1. Kinyesi kikwanguliwe na kutupwa chooni. Maji ya kwanza ya kusuuzia nayo yamwagwe chooni, si uani wala kwenye bustani ya mchicha.

2. Suuza kwanza kwa maji ya baridi. Maji ya moto yakitangulia, doa hung'ang'ania.

3. Nepi zinazosubiri kufuliwa ziwekwe kwenye ndoo yenye kifuniko, bila maji. Kama ni lazima kuloweka, ndoo iwe mahali ambapo mtoto hawezi kufika.

4. Fua kwa sabuni, mbali na nguo nyingine. Sabuni ya mche inatosha. Maji ya moto ni bora yakipatikana.

5. Suuza mpaka povu liishe kabisa, kwa kawaida mara tatu. Sabuni iliyobaki kwenye kitambaa huiwasha ngozi ikikutana na mkojo. Dawa za kulainisha nguo ziachwe, hupunguza unyonyaji na baadhi ya watoto huwashwa nazo.

6. Anika kwenye kamba, juani, zikauke kabisa.

7. Nawa mikono kwa sabuni. Kadhalika kila unapombadilisha mtoto, na kabla ya kumlisha. Binti wa nyumbani naye aelekezwe hivyo hivyo, na sabuni isifichwe kabatini.

Kama mtoto anaharisha au ana fangasi, nepi za pamba zichemshwe dakika 10 hadi 15 baada ya kufuliwa. Ukitumia dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, hakikisha kwanza mkojo wote umesuuzwa, maana klorini ikikutana na mkojo hutoa gesi inayodhuru mapafu. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo.

Hatari nne tusizozidharau

Ndoo ya maji. Mtoto anayetambaa ana kichwa kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kwenye ndoo hawezi kujitoa, na kina cha maji cha sentimita chache tu chatosha kumzamisha. Jambo hili hutokea kimya kimya, mama akiwa anaanika nguo hatua chache tu kutoka hapo. Ukimaliza kufua, mwaga maji na uifunike ndoo.

Nzi wa nguo mbichi. Yupo nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini kwenye mchanga. Mayai yakianguliwa, viluwiluwi huingia katika ngozi na kuota jipu lenye funza ndani. Kinga yake ni kuanika juu, kwenye jua kali, na kupiga pasi pande zote kabla ya kuvaa. Nepi iliyokaukia ndani ya nyumba siku za mvua haina budi kupigwa pasi.

Vidonge vya nondo. Wengi wetu tunahifadhi nguo za mtoto aliyetangulia sandukuni pamoja na vile vidonge vyeupe vyenye harufu kali. Vingi vina nafthalini. Katika maeneo yetu yenye malaria kuna watu wengi waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, wala hawajijui. Mtoto wa namna hiyo akivikwa nguo zenye nafthalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kupasuka, akapungukiwa damu na kuwa na macho ya manjano. Kwa mchanga hatari ni kubwa zaidi. Usihifadhi nguo za mtoto kwa vidonge hivyo. Kama tayari zimekaa navyo, zifue na kuzianika juani mpaka harufu iishe kabisa.

Dawa za kujitungia. Mtoto mwenye upele asipakwe spiriti, majivu, magadi wala dawa ya meno. Poda nayo iachwe, kwani vumbi lake huingia mapafuni. Zaidi ya yote, asipakwe krimu za mchanganyiko ambazo watu wazima hutumia kujing'arisha uso. Nyingi zina dawa kali zinazokonda ngozi, na chini ya nepi hupenya mwilini zaidi.

Upele ukitokea

Mwoshe mtoto kwa maji safi na kitambaa laini, mkaushe kwa kumgusagusa bila kumsugua, mwache bila nepi robo saa mara kadhaa kwa siku. Kisha mpake mafuta ya zinki au mafuta ya mgando ili mkojo usiifikie ngozi. Badilisha mara anapoloa. Usipoona nafuu kwa siku tatu, au ukiona usaha, malengelenge, homa, au wekundu uliojaa mikunjoni, njoo kliniki. Fangasi ina dawa yake, na haitoki kwa kusuguliwa.

Nepi hutuambia hali ya mtoto

Faida moja ya kitambaa ni kwamba mkojo huonekana. Mtoto mwenye afya hulowesha nepi mara sita hivi kwa siku. Mtoto anayeharisha au kutapika akikaa saa sita bila kukojoa, ujue maji yamemwishia mwilini. Mpe maji ya ORS kidogo kidogo kwa kijiko, endelea kumnyonyesha, na mlete hospitali mara moja. Tangu mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani na UNICEF wanashauri mtoto anayeharisha apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kwa hiyo ulizia upewe. Usingoje pia ukiona damu katika kinyesi, kinyesi cheupe kama maji ya mchele, au mkojo mweusi kama chai ya rangi.

Tusisahau hekima ya bibi zetu

Bibi zetu hawakuwa na nepi nyingi, lakini waliyajua majira ya mtoto. Alipoamka na alipomaliza kula, walimkalisha juu ya miguu yao na kumngoja. Mwaka 1977 jarida la madaktari wa watoto la Marekani, Pediatrics, lilichapisha utafiti uliofanywa kwa Wadigo wa pwani yetu ya Afrika Mashariki, ambao akina mama huanza kumzoesha mtoto haja tangu wiki za kwanza. Watoto wao walikuwa wakavu kabla hata ya mwaka. Basi mtoto wako wa miezi minane anaweza kukalishwa kwenye chombo chake kila baada ya kula, kwa upole, bila kuchapwa. Akijisaidia mara moja tu humo, umepunguza nepi moja ya kufua.

Mwisho

Yule mama wa vitumbua tulimtafutia fundi katika jumuiya yake. Wenzake walileta mashuka mawili na fulana. Alishona nepi 12, binti akafundishwa kukunja na kunawa mikono, na baba wa mtoto akakubali kuongeza ndoo moja ya maji kila jioni. Alipokuja kliniki mwezi uliofuata, hakuna aliyecheka. Mtoto alikuwa amepanda gramu 400, na yai lilikuwa limerudi.

Ndugu wasomaji, kila jumuiya ina mashuka ya zamani, ina cherehani moja, na ina mama mmoja anayeona haya kusema hana. Tumtazame kwa macho ya huruma kabla ya kumhukumu.

Maswali ya kujadiliana katika familia na jumuiya

1. Katika nyumba yetu mtoto hubadilishwa nepi mara ngapi kwa siku, na nani humbadilisha tusipokuwapo?
2. Maji ya kusuuzia kinyesi cha mtoto tunayamwaga wapi?
3. Ndoo zetu za maji zimefunikwa?
4. Nguo za mtoto zimehifadhiwa na nini sandukuni?
5. Ni nani katika jumuiya yetu mwenye mtoto anayetambaa ambaye tunaweza kumsaidia kushona nepi mwezi huu?